Nyumba ya Pazia katika Nchi ya Tangulia

Kwa kazi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu, na ukarani ulinizoeza kuandika kile watu walichosema, si kile ambacho ningependa waseme. Mambo ya nchi ya Tangulia nayaeleza kwa desturi hiyohiyo. Njia ya kufika huko naiacha. Ni ndefu, ina vumbi, wala haimwongezei mtu akili. Itoshe kujua kwamba mdogo wangu Tunu aliolewa huko na Mtangulia mmoja aitwaye Makame, mtu mpole mwenye mabega mapana, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, Shumi. Mtoto alipokaribia kutimiza miaka kumi na miwili, Tunu akanitumia salamu: "Kaka Vuai, njoo. Shumi anakwenda Langoni kutahiniwa mwaka huu. Mtoto asiyekuwa na mjomba wa kumsindikiza huonekana kama hana kwao."

Kwa hiyo nilikwenda.

Kinachomshangaza mgeni wa Tangulia kabla ya yote ni salamu. Huko hawajuliani hali. Mtu akikutana na mwenzake humwuliza, "Wamefika wapi?" akiwakusudia watoto, na mwenzake hujibu, "Mbele kidogo." Siku ya kwanza niliulizwa hivyo na mama mmoja muuza mchicha, nikamjibu kwamba wangu ni wakubwa, wana kazi zao, hawajambo. Alinishika mkono kwa huruma, akaniongezea fungu la mchicha bure.

Kisha mgeni hutazama juu. Kila nyumba ya Tangulia imejaa bendera juu ya bati, na kila bendera ni ya mwalimu mmoja ambaye wenye nyumba wamemwajiri kumfundisha mtoto wao baada ya shule. Nyekundu ni ya hesabu, kijani ya insha, nyeupe ya kukaa wima. Juu ya nyumba ya dada yangu niliona hata ya zambarau, nikauliza ni ya nini.

"Ya mwalimu wa miayo," alisema Tunu. "Anamfundisha kupiga miayo bila kuonekana. Siku ya Lango mtoto akionekana amechoka, anapunguziwa maksi."

Nilipoingia ndani nilitafuta pa kukaa. Sebule ilikuwa tupu; mkeka tu na kigoda kimoja.

"Makochi mmepeleka wapi?" nikamwuliza Makame.

"Shemeji, makochi yako kichwani mwa Shumi," alijibu akicheka. "Tuliyauza tukamwekea Historia. Kabati la vyombo ni Jiografia. Kitanda changu mimi ni nusu ya Sayansi, ile nusu nyingine tunaitafuta."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mkulima anayekuonyesha shamba, hapa muhogo, pale kunde. Na nilipomwona akimtazama mtoto wake akila, akimsogezea mnofu wa samaki na kubaki na kichwa, nilielewa kwamba mtu huyu angeuza na bati la nyumba kama angejua somo lake.

Shumi mwenyewe alikuwa mtoto mwembamba mwenye macho ya kuchekacheka, ingawa mdomo wake ulikuwa umefundishwa kutulia. Nilimwuliza kama anapenda maharagwe ya nazi. Kabla hajajibu aligeuka kumtazama mwalimu wa mazungumzo, aliyekuwa ameketi nyuma yake, na mwalimu akatikisa kichwa kwamba swali hilo bado hawajalifikia.

Sheria za Tangulia si nyingi, lakini zinafuatwa. Iliyo kubwa kuliko zote inasema mzazi haruhusiwi kumfundisha mwanawe wa kumzaa. Nilielezwa sababu yake na Bi Nargisi, Mwangalizi Mkuu wa Masomo, mama mrefu mwenye sauti ya upole ambaye Watangulia wote humwogopa.

"Mapenzi hupunguza maksi," aliniambia. "Mama akimfundisha mwanawe, mtoto akikosea, mama humwonea huruma. Huruma ikiingia, somo hutoka. Ndiyo maana huku kila mzazi anafundisha watoto wa watu, na watu wanafundisha watoto wake. Ada anayoipata kule ndiyo anayoilipa huku."

"Na ikiwa mwalimu atampenda mtoto wa watu?"

"Tumeliona hilo pia. Ndiyo maana tuna pazia."

Kweli walikuwa nalo. Masomo makubwa ya jioni hufanyika katika jengo refu liitwalo Nyumba ya Pazia. Ndani yake kuna ukumbi mwembamba wenye vyumba kulia na kushoto, na kila chumba kimekatwa katikati kwa pazia zito linaloshuka hadi karibu na sakafu. Mwalimu huingia kwa mlango wa nyuma, mtoto kwa mlango wa mbele. Hawaonani, wala mwalimu hataji jina. Humwita mtoto "mwanafunzi" basi. Kibao cha kuandikia hupitishwa chini ya pazia. Watangulia wanaamini kwamba uso wa mtoto humlegeza mtu mzima, na katika hilo siwezi kusema wanakosea.

Sasa nieleze balaa lilivyoanza, maana nilikuwamo.

Jioni moja tulikuwa tunakula, walimu wote wamekwisha kwenda zao. Shumi akamkumbuka beberu wa jirani. Bila kuulizwa na mtu, aliinua kidevu, akaliangusha jicho moja nusu, akatoa sauti ya yule beberu akigombana na ganda la muhindi lililomnasa kwenye pembe. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Makame alilala chali mkekani. Tunu naye alicheka, akajifuta machozi, halafu nikaona macho yake yanang'aa kwa namna nyingine.

"Mmeona?" alisema. "Ana kipaji!"

"Anacho," nikasema, nikiwa bado nacheka.

"Na hana mwalimu wake!"

Hapo mume na mke wakatazamana kwa aibu. Huko Tangulia ujuzi ambao mtoto anao bila kufundishwa huitwa ujuzi wa kuokota, na mzazi anayeuacha hivyohivyo husemwa kama mzazi anayemwacha mtoto ale kilichodondoka chini. Kesho yake bendera ya manjano ilipandishwa. Mwalimu wa kuiga wanyama alikuja, mtu mwenye shahada, akamfundisha Shumi kwamba mlio wa mbuzi una mwanzo, kati na mwisho. Mtoto alishika haraka. Baada ya siku chache alitulilia mbuzi sahihi kabisa, mwenye mwanzo, kati na mwisho, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu yule alikuwa ghali. Ili kumlipa, ilimbidi Tunu aongeze mwanafunzi. Dada yangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na tangu alfajiri alikuwa akifundisha watoto wa watu. Lakini alikuwa amejibakizia saa moja, saa kumi jioni, ya kurudi nyumbani na kumsuka Shumi nywele. Sasa saa hiyo akaiuza. Mwanafunzi aliyempata alikuwa Batuli, binti wa Bwana Sururu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Na Bwana Sururu, ambaye ni mwalimu wa insha, akapewa saa hiyohiyo kumfundisha Shumi. Kwa hiyo kila jioni Tunu alitoka mlango huu kwenda kumfundisha mtoto wa Sururu, na Sururu alitoka mlango ule kwenda kumfundisha mtoto wa Tunu. Walikutana barabarani, wote wakielekea Nyumba ya Pazia.

"Wamefika wapi, Bwana Sururu?"

"Mbele kidogo, Bi Tunu. Na wako?"

"Mbele kidogo."

Jambo hili nililiona siku tatu mfululizo nikiwa nimekaa kizingitini, nikasubiri mmoja wao acheke. Hawakucheka. Walikuwa na haraka.

Shumi alimshika mama yake upindo wa kanga jioni moja pale mlangoni. "Mama, leo utanisuka?"

"Kesho, mwanangu. Mama anakutafutia ada."

"Jana ulisema kesho."

Tunu alimbusu kipajini, akaenda. Makame alijaribu kushika kitana mwenyewe. Alitoka na mistari miwili inayopinda kama barabara iliyoachwa na mkandarasi, na Shumi, kwa adabu aliyofundishwa, akamshukuru.

Siku iliyofuata niliombwa nimsindikize mtoto mpaka Nyumba ya Pazia, kwa kuwa Makame alikuwa na somo lake la kufundisha. Yeye huwafundisha watoto wa mtaa wa juu kubeba mikoba. Ukumbini kuna benchi la wasindikizaji. Nilikaa. Batuli alikuwa amekwisha kufika, mtoto mnene kidogo, mwenye mwanya, aanzaye kila sentensi kwa neno "basi". Wale watoto wawili walishikana mikono, wakanong'onezana, wakatazama huku na huku. Kisha Shumi akaingia chumba cha Batuli, na Batuli akashika mlango wa chumba cha Shumi.

Nikainuka. "We mtoto, umepotea chumba."

Shumi akachomoza kichwa. "Mjomba, hukuona kitu."

"Nimeona mpwa wangu akiingia chumba kisicho chake."

"Basi ni chake," alisema Batuli kwa sauti ya chini. "Humo nyuma ya pazia yuko mama yake. Na humu yuko baba yangu."

Nilisimama pale kama mtu aliyesomewa hukumu kwa lugha asiyoijua. Kisha ikaniingia. Wazazi wao walikuwa wamebadilishana watoto. Watoto nao walikuwa wamejibadilisha wenyewe wakarudi mahali pao.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu Mama aliponiambia kesho mara ya kwanza," alisema Shumi. "Mjomba, tafadhali. Ni saa moja tu, na simwoni. Namsikia."

Mjomba ana haki zake kwa mtoto, na ana wajibu wake kwa nchi aliyokaribishwa. Nilivipima vyote viwili, nikarudi kwenye benchi nikakaa.

Mlango haukufungika vizuri, kwa hiyo nilisikia, na kwa upenyo nikaona. Tunu alikuwa akitoa hesabu za sehemu kwa sauti kavu ya kazi. Shumi alijibu kwa sauti nzito ya kuazima, akianza na "basi" kama Batuli. Kibao kikapita chini ya pazia. Niliuona mkono wa dada yangu ukija kukipokea. Naujua mkono ule, una kovu la mafuta ya maandazi tangu tukiwa wadogo. Vidole vya mama na vya mtoto vilikutana juu ya kibao, na vilikaa hapo muda mrefu kuliko hesabu ile ilivyohitaji. Kisha Shumi akakohoa kidogo, kwa kuwa alikuwa na mafua. Tunu akasema, kwa sauti ileile kavu, "Mwanafunzi mwenye mafua asinywe maji ya baridi," na akaendelea na hesabu.

Chumba cha pili sikukichungulia. Ila nilimsikia Bwana Sururu, mtu ninayemjua kwa ukali wa sarufi, akisimulia kisa cha babu mzaa baba aliyeogopa bata, na Batuli akicheka kwa kujizuia.

Hali ikawa hivyo mpaka Siku ya Lango.

Lango liko katikati ya mji wa Tangulia. Ni jengo la mawe lenye milango miwili ya mbao, na kila mtoto wa miaka kumi na miwili hupita hapo baada ya mtihani. Lakini kabla ya mtihani kuna kiapo. Kila mwalimu husimama mbele ya mtoto aliyemfundisha, huweka mkono juu ya kichwa chake, na kusema kwa sauti ya kusikika na watu wote: "Huyu nimemfundisha mimi." Mtoto ambaye mwalimu wake mmoja atakosa kusema hivyo hurudishwa nyumbani kungoja mwaka mwingine, na bendera zote za kwao hushushwa, na za kwa mwalimu huyo pia. Siku hiyo ndiyo ya kwanza walimu wa Nyumba ya Pazia na wanafunzi wao kuonana uso kwa uso kama mwalimu na mwanafunzi.

Familia zilisimama kwenye jua. Makame alikuwa amevaa kanzu aliyoazima, fupi kidogo, na alikuwa akitokwa na jasho kama ndiye anayetahiniwa. Bi Nargisi aliita majina. Walimu wa Shumi walipita mmoja mmoja: wa historia, wa kukaa wima, wa miayo, wa mbuzi. Wote wakaapa. Kisha akaitwa mwalimu wa hesabu wa Batuli binti Sururu, na dada yangu akatoka mbele.

Batuli alikuwa akimtazama kwa macho makubwa. Tunu aliinua mkono. Mkono ukasimama hewani, shubiri moja juu ya nywele za mtoto, ukabaki hapo.

"Apa, Bi Tunu," alisema Bi Nargisi. "Jua ni kali."

"Siwezi."

Watu wakaguna. Makame alifunga macho. Nilijua anaona makochi, kabati na kitanda vikipita mbele yake na kuondoka.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kusema nimemfundisha huyu," alisema Tunu. "Ni mtoto mzuri. Lakini sijamfundisha. Nimemfundisha wangu."

Hapo Bwana Sururu, ambaye zamu yake ya kumwapia Shumi ilikuwa bado, alijikuna sikio akapiga hatua mbele. Angeweza kunyamaza na kosa likabaki la Tunu peke yake. "Na mimi vilevile," alisema. "Tuandikieni wote wawili."

Tunu alimgeukia. "Bwana Sururu, ulijua?"

"Bi Tunu, mwanafunzi wangu alianza insha tano kwa neno 'basi'. Nilijua. Nilichoogopa ni kwamba wewe unanilipa ada na mimi sikufundishii mtoto."

"Na mimi nilikuwa naogopa hilohilo!"

"Msiwagombeze," alisema Shumi, akijitokeza kwenye mstari, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mtoto mahali pale. "Ni sisi tuliobadilishana."

Sheria inataka kosa kama hilo liamuliwe na Baraza la mji papo hapo. Wajumbe wakaletewa viti, watoto wakasogezwa kivulini, na mimi, kwa ugeni wangu, nikaruhusiwa kusimama karibu. Nayaandika maneno yalivyosemwa.

"Bi Tunu," alianza Bi Nargisi, "ulitambua lini kwamba aliye nyuma ya pazia ni mwanao?"

"Siku ya kwanza."

"Kwa alama gani?"

"Alikohoa."

"Watoto wote wanakohoa."

"Wanakohoa, Bi Nargisi. Lakini huyu akikohoa mimi huamka."

"Mbona hukutoa taarifa?"

"Nilisema nitatoa kesho," alisema dada yangu. "Kila siku nilisema kesho." Ndipo alipoanza kulia, bila kelele, akiwa amesimama wima. Shumi alitaka kumwendea, askari wa Lango akamzuia kwa mkono, kisha naye akautazama mkono wake na kuuondoa.

Mjumbe mmoja mnene aitwaye Fumu, mwenye wajukuu wengi na bendera nyingi kuliko mtu yeyote mjini, aliomba kusema. "Hakuna haja ya machozi. Sheria inasema mapenzi hupunguza maksi. Tumpime mtoto. Zikipungua, sheria imesema kweli, tushushe bendera twende tukale."

Wakakubali. Fumu mwenyewe akamwuliza Shumi: theluthi mbili, toa nusu, inabaki nini?

"Robo," alisema Shumi upesi.

Fumu akatabasamu, akageukia wenzake. Makame alikaa chini palepale mchangani na kanzu yake ya kuazima.

"Ngoja," alisema Shumi. "Nimekosea." Alichutama, akachora kwa kidole chini, akafuta kwa kiganja, akachora tena. Watu wote walikuwa wameinama kumtazama. "Si robo. Ni sudusi, kipande kimoja cha sita. Nilikuwa nimeukata mkate mmoja vipande vinne na mwingine vitatu, nikavichanganya."

Sikuelewa mara moja kwa nini uwanja wote umenyamaza, kwa maana kwetu watoto hukosea na kurudia siku nzima. Baadaye Makame alinieleza kwamba huko Tangulia mtoto akikosea, hubadilishwa mwalimu. Hapajawahi kuwa na nafasi ya mtoto kurudia.

Bi Nargisi aliinama mbele. "Hiyo nani amekufundisha?"

"Sudusi?"

"Hapana. Hiyo ya kusema nimekosea."

Shumi alifikiri. "Mama," alisema. "Yeye akikosea nyuma ya pazia husema, 'Samahani, mwanafunzi, nimekosea, tuanze upya.' Halafu tunaanza upya. Si jambo kubwa."

Mjadala uliofuata ulikuwa mrefu, na sitaueleza wote. Mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba kwa kuwa ujuzi huu wa kukosea umeonekana una manufaa, waajiriwe walimu wa kukosea kwa watoto wote, na bendera yake iwe rangi ya udongo. Hoja hiyo iliungwa mkono kwa furaha kubwa, na wazazi wawili waliondoka mbio kabla kikao hakijaisha ili wawahi walimu walio bora. Fumu alitaka kujua kama ada ya kukosea ingepungua mtoto akikosea sana. Waliahirisha hilo.

Kuhusu Tunu na Sururu uamuzi ulitolewa hivi: kila mmoja ataruhusiwa kumfundisha mwanawe saa moja kwa siku, saa kumi jioni, nyumbani, bila pazia, kwa majaribio, Mwangalizi Mkuu akihudhuria kwa zamu. Lakini kwa kuwa huko Tangulia kisicholipiwa si somo, ada iendelee kulipwa kama zamani. Kwa hiyo mpaka naondoka kule, Tunu alikuwa akimlipa Sururu kila Ijumaa, na Sururu akimlipa Tunu, kiasi kilekile, kwa shukrani nyingi za pande zote mbili.

Watoto wakaruhusiwa kufanya mtihani, wakapita. Shumi alikuwa wa katikati, na Batuli wa katikati, na karibu watoto wote wa Tangulia walikuwa wa katikati, kama inavyokuwa mahali pengi. Milango ya mbao ilipofunguliwa nilichungulia ng'ambo. Palikuwa na uwanja mpana uliofagiliwa vizuri, na mwisho wa uwanja palikuwa na Lango lingine.

"Hilo ni la nini?" nilimwuliza Makame.

"La miaka kumi na minne," alisema. Kisha akalitazama kwa muda, akashusha pumzi. "Shemeji, twende kwanza tukale."

Somo la kwanza lisilo na pazia lilifanyika siku mbili baadaye. Bi Nargisi alifika mapema, akakaribishwa kwenye kigoda. Aliviacha viatu vyake mlangoni, akaketi na mikono magotini. Mimi nilikaa karibu na dirisha. Shumi alikaa mkekani, ameoga, amevaa gauni la Idi. Tunu akaja akitokea kazini, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, na kibao mapajani.

"Leo," alisema, "tutaendelea na sehemu."

Akamtazama mwanawe. Nadhani alikuwa na mengi aliyoyapanga. Lakini alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, jicho likienda pole pole kutoka kipaji mpaka kidevu na kurudi.

"Sehemu za mkate," alisema tena. "Tuseme mkate umekatwa..."

Alikuwa amefundisha tangu alfajiri, nyuma ya mapazia, kama alivyofanya miaka yote hii. Kichwa chake kilishuka kidogo, kikainuka, kikashuka. Shumi akasogea. Kichwa cha mama kikatua begani kwake na hakikuinuka tena, na baada ya muda mfupi tukasikia pumzi zake, nzito na za mpangilio.

Bi Nargisi akainuka. "Mwalimu wako amelala," alinong'ona.

"Ndiyo," alinong'ona Shumi.

"Basi somo limekatika."

"Halijakatika, Bi Nargisi. Usimwamshe."

Mtoto alinyoosha mkono wa kushoto, ule uliokuwa huru, akamvua mama yake miwani pole pole, kwanza sikio hili, halafu lile, akaiweka pembeni mwa mkeka ambapo mtu hawezi kuikanyaga. Kisha akakaa bila kujitikisa, robo saa, nusu saa na zaidi. Niliona bega lake limeanza kuuma, maana alikunja uso; lakini hakusogea.

Mwangalizi Mkuu wa Masomo wa Tangulia alisimama akiwatazama. Alionekana kama mtu anayesubiri kukumbuka kitu. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini sana ni saa ngapi sasa.

Nikamwambia ni karibu saa kumi na moja.

"Mwanangu hutoka Nyumba ya Pazia saa kumi na moja," alisema. "Mtumishi ndiye anayekwenda kumchukua."

Alikwenda kwa ncha za vidole mpaka mlangoni, akainama akaokota viatu vyake, na ili visipige kelele kwenye sakafu akatoka navyo mkononi. Nilimfuata kwa macho dirishani. Alipofika panapogawanyika njia, moja ikienda ofisini kwake na nyingine Nyumba ya Pazia, alisimama kidogo. Halafu akashika ile ya Nyumba ya Pazia, akatembea haraka, na baadaye nikamwona anakimbia, mama mzima yule, peku, viatu vikiwa bado mkononi.